Bi Mkubwa wa Majengo anaomba 80,000: nimpe au nimnyime?

Swali, kwa ufupi: "Mimi ni afisa wa mikopo katika kampuni ndogo ya mikopo, tawi la Mwembe Tayari, Mombasa. Wiki iliyopita alikuja mama wa miaka 74 kutoka Majengo, anauza mahamri na mbaazi asubuhi. Anaomba shilingi 80,000 kwa mwaka mmoja: 20,000 za kumlipa shailoki (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa), 15,000 za kodi ya kiwanja aliyolimbikiza, na 45,000 za mjukuu wake aweke malipo ya kwanza ya tuktuk. Alikuja na mjukuu huyo, kopi ya kitambulisho, karatasi za nyumba yenye vyumba vya kupangisha, na taarifa ya M-Pesa. Nilipomwambia nitampigia simu alinishika mkono akaniombea dua, machozi yanamlengalenga. Meneja anasema nipitishe, nyumba ipo na sisi tuko chini ya tageti. Roho yangu inakataa, lakini kumnyima pia naona dhambi. Nimefikiria hata kumpa kitu kutoka mfukoni mwangu. Hesabu zake nimekuambatishia. Nifanye nini?"

Jibu:

Usipitishe 80,000. Nimeanza na jibu kwa sababu najua faili iko mezani, meneja yuko mlangoni na mwisho wa mwezi haungoji mtu. Ila faili hiyo usiifunge bado. Ndani yake huenda mna mkopo mdogo utakaomfaa Bi Mkubwa, na mna maswali ambayo hakuna aliyemuuliza, wewe ukiwemo.

Nimalizane kwanza na umri. Sababu ya kukataa isije ikawa miaka yake 74. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa umri wake, na kifungu cha 57 kinataka wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Kinachofanya kampuni nyingi ziweke kikomo cha umri ni bima ya mkopo: kampuni ya bima hukubali kulipa deni la aliyefariki hadi umri fulani, ukipita hapo deni linabaki kuwasumbua warithi. Basi soma mkataba wenu wa bima kabla hujamkata mzee hata shilingi moja ya bima. Nimeona wazee wakikatwa ada ya bima ambayo isingewalipia chochote, na huo kwangu ni wizi wenye risiti.

Sasa hesabu. Kwenye karatasi yako umeandika "mapato ya biashara: 2,000 kwa siku". Hayo ni mauzo. Chini yake, kwa mwandiko wako mwenyewe, umeorodhesha unga, sukari, nazi, mbaazi, mafuta, iliki na makaa, jumla 1,450. Kinachobaki ni 550. Umesema Ijumaa hapiki, na siku ambazo goti linamuuma pia hapiki, kwa hivyo siku 24 kwa mwezi ni hesabu ya ukarimu: 13,200.

Vyumba umeviandikia 10,500, vitatu kwa 3,500. Lakini maelezo yako yanasema mpangaji mmoja hajalipa miezi miwili na chumba cha tatu anakaa mjukuu. Mpangaji asiyelipa si mapato, na mjukuu asiyelipa si mpangaji. Weka 3,500 za yule mmoja anayelipa, nukta. Jumla ya pesa inayoingia mkononi mwake kweli ni 16,700.

Inayotoka, kwa maelezo yako tena: chakula 9,000, maji ya mikokoteni na tokeni za stima 2,000, dawa za presha na sukari 2,200, kodi ya kiwanja 1,500. Hizo ni 14,700. Kimebaki 2,000. Na katika hizo 2,000 ndimo anamotakiwa kumlipa shailoki 4,000 kila mwezi, maana riba aliyopewa ni asilimia 20 kwa mwezi juu ya zile 20,000. Sasa unaelewa kwa nini kodi ya kiwanja imelimbikizwa miezi 10, na kwa nini alikiri dawa hanunui zote. Bi Mkubwa si mzembe wa kulipa. Analipa kupita uwezo wake, ila anayelipwa ni yule mwenye sauti kubwa, na mwenye kiwanja na duka la dawa wanangoja.

Angalia na hili. Amelipa riba miezi saba: 28,000. Alichokopa ni 20,000. Na bado anadaiwa 20,000 zilezile.

Ukimpitishia 80,000 kwa riba yenu ya asilimia 2 kwa mwezi ya flati, riba ya mwaka ni 19,200, jumla 99,200, na kila mwezi alipe 8,267. Kwa mtu anayebakiwa na 2,000. Ukiongeza ada yenu ya kushughulikia ombi ya asilimia 3, hata hizo 80,000 hazioni, ataona 77,600. Na kwa kuwa flati huhesabiwa juu ya mkopo wote hadi siku ya mwisho, hata baada ya yeye kurudisha nusu, ukiipima kwa salio linalopungua inakuwa karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Najua wewe hukuipanga riba hiyo. Lakini lazima uijue unapomweleza mtu "asilimia mbili tu, mama".

Sasa tuje kwenye mambo matatu ya faili hii yaliyonifanya niisome mara mbili.

La kwanza ni hiyo kopi ya kitambulisho. Umeandika kwamba original "iko nyumbani", na kwamba kopi imechakaa kwenye mikunjo. Mama wa miaka 74 aliyetoka Majengo kuja kuomba mkopo, akabeba karatasi zote za nyumba tangu enzi za mumewe, asahau kitambulisho? Mimi naamini kitambulisho kiko kwa shailoki. Ndiyo rehani yao wanayoipenda, kwa sababu haihitaji wakili wala mnada. Na kama ni hivyo, tazama sasa ile sehemu ya Inua Jamii uliyoandika "hapokei kwa sasa". Mpango huo wa serikali huwapa wazee wa kuanzia miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi. Hukumuuliza kwa nini hapokei. Je, hajawahi kusajiliwa? Au amesajiliwa, na pesa zinaingia, ila hana kitambulisho cha kwenda nacho kuzichukua? Tofauti ya majibu hayo mawili ni kubwa. Kama hajasajiliwa, njia ni kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo yake. Kama amesajiliwa, huenda kuna pesa zake zimelala, na asikawie kuzifuata. Na kumshikia mtu kitambulisho ni kosa kisheria, shailoki mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana akiambiwa "tukutane kwa chifu" ghafla huwa mtu wa maelewano.

La pili ni taarifa ya M-Pesa. Umenitumia muhtasari wenye malipo madogo madogo, 50, 100, 200, kwenda kwa kampuni ya kamari ya mpira, mengi kati ya saa nne na saa saba usiku, na kila baada ya siku mbili tatu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia pesa zisipotosha. Ndugu yangu, mwanamke anayeamka saa tisa kukanda unga hachezi kamari ya mpira saa sita usiku. Laini ni yake, vidole si vyake. Aliyeshika simu hiyo usiku ndiye aliyekaa naye kwenye kiti cha mbele yako akamjibia maswali, na ndiye anayetaka 45,000 kati ya zile 80,000. Zaidi ya nusu ya mkopo huu si wake. Yeye ni jina tu kwenye fomu, na pesa zikitumwa kwenye simu hiyo sitashangaa akiziona kwenye ujumbe peke yake.

Simhukumu kijana. Pengine tuktuk anaitaka kwa dhati. Mombasa nzima inaona jinsi vijana wanavyopata riziki kwa tuktuk. Lakini mtu mzima anayetaka chombo cha biashara na akope kwa jina lake.

La tatu, nyumba. Hapa ndipo meneja wako amejidanganya, na ni kosa linalojirudia sana kwa mameneja wanaoletwa pwani kutoka bara, wanasikia "nyumba kisiwani" wanaona hati ya ardhi. Wewe ni wa hapa, ulipaswa kumweleza. Kodi ya kiwanja maana yake ardhi si yake. Hii ni nyumba ya Kiswahili iliyojengwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine, nyumba bila ardhi kama tunavyosema, mtindo ulioijenga Majengo nzima: kuta na paa ni zako, mchanga ulio chini ni wa mwenye kiwanja. Hakuna hati ya kupeleka kwa msajili wa ardhi ikawekwa rehani. Alichonacho ni mkataba wa kununua nyumba na kijitabu cha risiti za kodi, na kijitabu hicho kinaonyesha miezi 10 mitupu. Akidaiwa hivyo, mwenye kiwanja ana nguvu juu yake kuliko nyinyi mtakavyokuwa nayo wakati wowote.

Halafu mkataba umeandikwa jina la marehemu mume. Uliuliza kama mirathi iligawanywa? Nina hakika haikugawanywa. Familia nyingi hazigawanyi mama akiwa hai, kwa heshima, na heshima hiyo ni nzuri mpaka siku benki inapoingia. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto hurithi thumuni, sehemu moja ya nane. Saba za nane ni za warithi wengine, na mjukuu aliyeleta karatasi hizo huenda hata si miongoni mwao kama mzazi wake yu hai. Kwa hiyo dhamana anayoiona meneja, ukiikagua vizuri, ni thumuni ya kuta zilizosimama kwenye ardhi ya jirani. Mkiishika kama dhamana mtakuwa mmeshika kitisho, na kitisho hicho kitatumika kwa mama huyo siku atakapochelewa, maana mnadani hakiendi.

(Kama ingekuwa nyumba yenye hati, bado ningekuambia usikimbilie. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi ya angalau miezi mitatu, kisha ya siku 40 kabla ya kuuza, halafu dalali naye atoe yake ya siku 45. Na nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani bila idhini ya mwenzi. Lakini hayo ni ya faili nyingine.)

Basi unafanyaje? Mwite tena, na safari hii ongea naye peke yake. Mjukuu atakuja, hilo usilipinge. Wakiketi, baada ya salamu, mtume mjukuu akatoe kopi ya karatasi fulani duka la pili au la tatu barabarani. Hiyo inakupa robo saa. Shikamoo yako iwe ya kweli, maji ya kunywa yawepo, kiti kisiwe kile kirefu cha kaunta, na sauti yako isifike kwa wanaopanga foleni; kwa mtu wa umri wake kusikika akitaja madeni mbele ya majirani wa Majengo ni adhabu tosha. Kisha muulize maswali ya kawaida, taratibu: Kitambulisho kiko kwa nani, Bi Mkubwa? Simu usiku hulala wapi? Namba yako ya siri anaijua nani? Hizi pesa za tuktuk, wazo lilikuwa la nani? Mwache anyamaze akitaka kunyamaza. Kwa wazee wetu kimya baada ya swali la nne kina habari kuliko fomu yenu yote. Usimlazimishe amseme mjukuu wake. Hatamsema, na wewe huhitaji amseme. Unahitaji kujua tu kama mkopo anautaka yeye.

Akisema anautaka kwa ajili yake mwenyewe, haya ndiyo ningemuandalia. Mkopo wa 20,000, wa kumwondoa shailoki na si zaidi. Mwaka mmoja, kwa riba yenu ileile, ni 2,067 kwa mwezi. Kwa 2,000 zinazobaki sasa hilo nalo haliwezekani, kwa hivyo kuna sharti: mjukuu alipe kodi ya chumba, 3,500 kama mpangaji mwingine yeyote, au akihame, apangishwe mtu mwingine. Hapo kinachobaki kwa mwezi kinafika 5,500. Toa 2,067 zenu, toa 1,000 za kupunguza deni la kiwanja (mwenye kiwanja mwambieni mapema, wengi hukubali malipo ya kidogo kidogo wakiona mtu amekuja mwenyewe), anabaki na karibu 2,400 za kuugua na kuzikana. Inua Jamii ikirudi, hiyo usiihesabu kwenye marejesho, maana huchelewa. Iwe ya dawa.

Chumba kisipolipiwa, mkopo haupo. Hapo usilegeze.

Na kabla ya kutoa hata hizo 20,000, shailoki aitwe aambiwe tarehe moja tu ya kufunga deni, bila riba ya mwezi mwingine. Ameshakula 28,000. Anayekopesha watu kwa biashara bila leseni hapendi karatasi zake zifike ofisini kwa mtu, kwa hivyo anaweza kushuka chini ya 20,000. Mwenye kumjua Mungu katika wao anakumbushwa na Suratul Baqara, aya ya 280, inayotaka mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi. Hata mwenye moyo wa jiwe huona haya akisomewa mbele ya watu. Kama utaratibu wenu unaruhusu, mlipeni shailoki moja kwa moja, mbele ya Bi Mkubwa na shahidi, kitambulisho kikirudi mkononi mwake papo hapo. Pesa zisipitie kwenye ile simu. Siku hiyohiyo abadilishe namba ya siri.

Ratiba ya marejesho usiipange kama ya mwenye mshahara. Mwaka wa mkopo wowote lazima ukutane na Ramadhani, na Ramadhani mteja wa chai ya asubuhi hayupo. Wengine hufidia kwa kuuza kaimati na viazi karai alasiri, wengine hupumzika kabisa. Muulize yeye hufanya nini, kisha andika mwezi huo rejesho dogo au lisilokuwepo, kinachopungua kilipwe mbele au mwisho. Mfumo wenu wa kompyuta ukikataa, mwambie meneja aufungue kwa mkono. Najua unafunguka wateja wakubwa wakitaka.

Wadhamini: meneja atataka wanawake watano wa chama chake. Usikubali kwa mkopo huu. Hao nao wana miaka sabini, chama chao ndicho kinachowazika, na deni la mmoja likiingia humo linavunja kitu ambacho nyinyi hamwezi kukirudisha.

Kama mazungumzo ya faragha yakionyesha mkopo si wake, au mjukuu akikataa kulipia chumba, jibu ni hapana, na lisemwe na wewe, kwa mdomo, siku hiyohiyo. Usimwambie "mfumo umekataa". Usimwambie "njoo wiki ijayo" ukitumai atachoka. Mzee akizungushwa huondoka na hadhi iliyochunika na kwenda kwa shailoki wa pili. Sema hivi, au namna yako: "Bi Mkubwa, nimezipiga hesabu zako mara mbili. Nikikupa pesa hizi, kila mwezi nitakutoa chakula mezani. Sitakupa." Kisha mpe karatasi yenye mambo ya kufuatilia, kwa herufi kubwa, nyeusi: kitambulisho, Inua Jamii kwa chifu, dawa kwenye kituo cha afya cha serikali. Hilo la dawa si dogo. Akijisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali, na kila anapozipata dawa za presha na sukari huko badala ya duka la dawa, kuna pesa inabaki mfukoni. 2,200 kwa mwezi ni zaidi ya rejesho lenu lote.

Huenda akakuuliza kuhusu riba. Wazee wengi wa Majengo riba inawachoma moyoni hata wanapoikopa, na wanaona haya kulitaja mbele ya kijana wa ofisini. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, lakini mwambie ukweli: mtindo wao mkubwa ni kukununulia kitu na kukuuzia kwa faida mliyokubaliana, na deni la pesa taslimu la shailoki si kitu cha kununuliwa dukani. Kinachomhusu zaidi ni zaka. Wenye madeni waliolemewa wametajwa kwa jina katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, miongoni mwa wale wanane wanaostahili. Kamati ya msikiti wake inaweza kulifunga deni la 20,000 bila riba na bila fomu, na kwa kweli hiyo ndiyo njia bora kuliko mkopo wenu hata ule mdogo. Kinachowazuia wazee ni aibu ya kuomba. Wewe au chifu mkimsemea, aibu inapungua nusu. Kama imamu mnafahamiana, nenda umwone, bila kutaja jina lake mpaka Bi Mkubwa akuruhusu.

Mfuko wako uache. Najua nia ni safi. Lakini afisa anayempa mwombaji pesa zake, wiki moja baada ya kushika faili lake, hana jibu siku mkaguzi atakapouliza zilikuwa za nini, na Majengo ni ndogo: Jumatatu ijayo watu kumi watakuja kwako kwa jina lako. Ukitaka kutoa sadaka, faili ikishafungwa, nunua mahamri yake. Nunua mengi, ulipe, ushukuru, uondoke.

Sasa meneja. Usiende kwake na machozi ya mama, nenda na hesabu. Mwonyeshe 2,000 dhidi ya 8,267. Mwonyeshe kijitabu cha kiwanja na jina la marehemu. Mwambie mkopo huu utalipwa mwezi wa kwanza kutoka kwenye mkopo wenyewe, wa pili kwa mtaji wa unga, na wa tatu utaingia PAR, yaani kwenye orodha ya mikopo iliyochelewa na iliyo hatarini, ukiwa na sahihi yake na yako. Tageti ya mwezi huu itakuwa shimo la robo ijayo. Kwenye fomu andika sababu ya kukataa kuwa uwezo wa kulipa na dhamana isiyo halali, usiandike umri wala "mteja hafai". Na kama atakulazimisha uandike "mapato 2,000 kwa siku", mwambie aweke mwandiko wake mahali pa mwandiko wako. Kwa kawaida hapo mameneja hukumbuka wana simu ya kupokea.

Mjukuu akirudi mwenyewe kuomba ya tuktuk, mpokee bila kinyongo. Mwulize leseni ya kuendesha, taarifa ya M-Pesa ya laini yake mwenyewe kwa miezi sita, na mdhamini aliye kazini. Dhamana iwe tuktuk yenyewe na kitabu chake cha umiliki. Akiwa hana historia yoyote ya mkopo, aanze na Mfuko wa Hasla (Hustler Fund) wa serikali, ambao tangu 2022 unatoza asilimia 8 kwa mwaka, alipe vizuri, arudi. Miezi sita ya kodi ya chumba iliyolipwa kwa wakati pia ningeikubali kama rekodi, na risiti zake atazipata kwa nyanya yake. Jina la nyanya lisiwepo popote kwenye fomu hiyo, hata kama mdhamini.